Mstari Nyuma ya Bintu

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2023. Mvua ya usiku ilikatika kabla watu hawajaamka, lakini mawingu yalibaki yamelala juu ya ziwa mpaka asubuhi ikaenda mbali, na kiwanja kilikuwa na matope upande wa goli la chini. Baadaye jua lilitoka, lile linalochoma shingo bila kukausha nguo.

Siku hiyo klabu yetu ilikuwa na kazi ambayo haikuwa ya kukimbia wala ya kupiga mpira. Barua ilikuwa imetoka Kinshasa, katika ofisi inayosimamia michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, ikisema kila klabu ipendekeze mwanamichezo mmoja kwa tuzo ya uongozi. Hawakutaka mwenye mbio nyingi wala mwenye medali nyingi. Walitaka kiongozi. Halafu, chini kabisa, barua iliongeza kwamba wenye kuchagua wawe wanamichezo wenyewe, si wazazi wala makocha. Sentensi hiyo ya chini ndiyo iliyotutoa jasho.

Maana kamati ilikuwa imeshachagua. Ilimchagua Parfait, kijana wa miaka ishirini na miwili, anayekimbia mita mia kama mtu aliyesahau sufuria motoni, anayetoka vizuri kwenye picha, na anayeweza kuanza hotuba kwa “Mesdames et messieurs” bila kukwama. Mama yake, Maman Clémence, ndiye mwakilishi wa wazazi katika kamati, na shati la Parfait la kwenda nalo Kinshasa lilikuwa limeshapigwa pasi.

Hakuna aliyemfikiria Bintu, isipokuwa Bintu mwenyewe.

Bintu anaishi mtaa wa Kadutu, kwa dada yake mkubwa Séraphine, muuza unga. Alizaliwa mwaka 1989. Shuleni alifika darasa la pili, akalirudia mpaka mwalimu akachoka kabla yake. Kusoma hakukumwingia. Lakini mambo mengine ya mtu mzima anayafanya yote: anateka maji, anapika, anashuka ngazi za Kadutu wakati wa matope na kikapu kichwani bila kushika ukuta, na kitenge chake anakifunga kikafungika.

Sasa, kwetu Bukavu mwanamke hangoji kuzaa ili aitwe maman. Msichana akitandika nyanya zake kando ya barabara, mteja wa kwanza atamwita “maman, hizi nyanya namna gani?” Hata mtoto mchanga wa kike baba yake humbembeleza akimwita maman. Ni Bintu peke yake, na miaka yake thelathini na minne, aliyekuwa akiitwa “ule mutoto”. Mutoto wa kwa Séraphine. Wageni wakija nyumbani, wakubwa hubaki sebuleni na Bintu hutumwa uani akae na watoto. Ndugu walipokutana kupanga ndoa ya binti wa Séraphine, Bintu ndiye aliyepika chakula chote cha mkutano, kisha akakila nje, kati ya watoto, akiwafuta kamasi.

“Niliambia dada, ule bwana iko na mudomo mingi,” alitusimulia baadaye. “Akaniambia: nyamaza, haya ni mambo ya bakubwa.”

“Na yule bwana akawa namna gani?”

“Mudomo mingi.”

Basi siku barua ya Kinshasa iliposomwa mbele ya wote, Bintu alimfuata kocha Thierry pembeni. Thierry ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya Ibanda, na kiwanja cha shule hiyo ndicho tunachotumia. Bintu alikuwa na swali moja.

“Kocha, kiongozi banamuitaka namna gani?”

“Inategemea. Mwanaume, Papa Président. Mwanamke, Maman Présidente.”

“Habawezi kumuita mutoto?”

“Kiongozi? Hapana. Haiwezekane.”

“Basi miye nataka,” Bintu akasema, akaenda kuosha gobele, vikombe vyetu vya uji.

Thierry alicheka, lakini hakulisahau neno hilo. Yeye ndiye aliyemleta Bintu klabuni, mwaka 2016, bila kukusudia. Siku hiyo alikuwa akifundisha timu, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na kikapu akasimama nje ya uzio, akaanza kumsema golikipa.

“Weye! Unaogopa mupira juu ya nini? Iko na meno?”

Golikipa akamjibu kwamba kama anajua sana, aingie. Bintu akatua kikapu, akakaza kitenge, akaingia. Tangu hapo goli ni lake. Si golikipa mkali. Akidaka mpira humuuliza kwanza mshambuliaji kama ameumia, na mara kadhaa amemrudishia mtu aliyekosa, kwa huruma, ajaribu tena. Thierry alipiga kelele juu ya jambo hilo miaka na miaka. Sasa ameacha.

Lakini mahali ambapo Bintu anatawala hasa ni nyuma ya madarasa, baada ya mazoezi, saa ya bouillie. Séraphine hutoa unga wa mahindi, soya na mtama, na Bintu huupika uji wenyewe juu ya mbabula, jiko letu la makaa, katika sufuria ambayo mtu mmoja hawezi kuikumbatia. Kisha watu wanapanga mstari. Mstari huo una sheria zake, na zote amezitunga yeye. Mwenye woga anasimama mbele. Mwenye kusukuma anakwenda nyuma. Élie, mchezaji wetu wa bochi, mchezo wa kuviringisha mipira, asiyependa kuguswa wala kusikia kelele, anaachiwa nafasi ya mtu mzima mbele yake na nyingine nyuma yake, na asiyeheshimu nafasi hizo siku hiyo hanywi. Aliyepiga kelele anapelekwa mwisho, hata kama ana filimbi shingoni. Thierry ameshapelekwa mwisho mara nyingi. Anasema bouillie ya mwisho ndiyo nzito zaidi, lakini anayasema hayo kwa kujifariji.

Turudi Jumamosi ile. Papa Lucien, rais wa klabu, mtu wa ofisi mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuwa ametayarisha uchaguzi kama wa mbunge. Kwa kuwa wengi hawasomi, alisema, hakuna karatasi: kila mtu atasimama nyuma ya anayemtaka. Alichora maduara matatu kwa chokaa, mbali kidogo na matope, na kila kandida, yaani mgombea, angesimama ndani ya lake.

“Na sheria ni moja,” akasema. “Kandida akitoka katika duara lake, amejiondoa. Tumeelewana?”

“Tumeelewana!” wakajibu wote, kama wanavyojibu kila kitu anachosema Papa Lucien.

Thierry akamtaja Parfait, kama kamati ilivyomtuma. Mtu mwingine akamtaja Murhula, mchezaji mwenzao ambaye anapenda sana kutajwa na hapendi kabisa yale yanayofuata. Alikwenda kwenye duara lake akiwa amefunika uso kwa fulana. Duara la tatu likabaki tupu. Papa Lucien alikuwa amelichora kwa heshima ya demokrasia, si kwa ajili ya mtu.

Bintu akainua mkono.

“Na miye.”

“Weye nini?”

“Miye pia. Kandida.”

Maman Clémence si mtu mbaya. Alicheka kama shangazi anavyocheka mtoto akivaa viatu vya baba yake.

“Ah, we mutoto! Ukienda Kinshasa, nani atatupikia bouillie?”

“Maman Clémence,” Bintu akasema, “miye niko na trente-quatre ans. Parfait iko na vingt-deux. Mutoto ni nani hapa?”

Parfait alicheka mpaka akashika magoti. “Ni miye, maman! Miye njo mutoto!”

“Nyamaza, weye!” mama yake akamkemea. “Kandida hachekake.”

Bintu akaingia katika duara la tatu, akasimama wima, mikono kwenye mapaja, kama watu wanavyosimama wakati wa wimbo wa taifa. Uso wake ulikuwa mkavu. Wanaomfahamu walijua kwamba Bintu akinyamaza hivyo, jambo ni kubwa.

Papa Lucien akapiga makofi. Wanamichezo wakatazamana kidogo, kisha wakaanza kutembea. Ilikuwa kama maji yanayotafuta mtaro. Wa kwanza akasimama nyuma ya Bintu, wa pili nyuma ya wa kwanza, na kabla Papa Lucien hajafungua kalamu, mstari mzima ulikuwa umejipanga: wenye woga mbele, wasukumaji nyuma, na Élie katikati, na nafasi zake mbili. Nyuma ya Murhula hapakuwa na mtu, naye akashukuru Mungu kwa sauti. Nyuma ya Parfait kulikuwa na upepo wa ziwa.

Thierry akaanza kupiga makofi. Maman Clémence akamshika mkono.

“Papa Président, hii si kura. Angalia saa. Hii ni saa ya bouillie!”

Papa Lucien akaangalia saa. Ilikuwa saa ya bouillie. Mbaya zaidi, duara la tatu ndilo lililokuwa karibu na madarasa, na harufu ya uji ilikuwa ikitoka huko bila kujificha. Watu wawili walikuwa wameshika gobele zao.

“Banamupenda,” Thierry akasema.

“Banapenda sufuria! Hata miye, na njaa hii, ningemuchagua.”

“Na sisi makandida,” Murhula akauliza kutoka kwenye duara lake, “tutakunywa?”

Papa Lucien akatoa kalamu ya kwanza, akairudisha, akatoa ya pili. Hatimaye akatangaza kwamba maduara yanasimamishwa kwa muda, watu wanywe kwanza, na kura irudiwe. Mtu aliyeshiba, akasema, anachagua kwa kichwa.

Bintu hakubisha. Alitoka kwenye duara kwa ruhusa, akaenda kwenye sufuria, akagawa kama kila Jumamosi. Tofauti ilikuwa moja tu: kila aliyejaziwa gobele aliambiwa kwa sauti ya chini, “Kunywa yote. Ushibe bien. Basiseme ni ju ya tumbo.” Yeye mwenyewe hakunywa. Alipomaliza alinawa mikono, akarudi kwenye duara lake, akasimama tena wima.

Kura ya pili ikapigwa. Mstari ukaenda tena nyuma ya Bintu, ule ule, mrefu vile vile. Papa Lucien alikuwa ameshafungua mdomo kutangaza, Maman Clémence alipomwona Chancelle, msichana wetu wa mita mia mbili, amesimama kwenye mstari na gobele mkononi.

“Chancelle, mama yangu, unasimama hapa juu ya nini?”

“Ju ya Bintu.”

“Na ile gobele?”

“Ju ya bouillie. Kulibakia.”

Jibu lilikuwa la kweli pande zote mbili, na halikumsaidia mtu yeyote. Watu wazima wakaanza kubishana. Thierry akasema mtu anaweza kupenda kiongozi na bouillie yake, mbona wabunge wanagawa fulana. Maman Clémence akasema ndiyo maana tuna wabunge tulio nao. Papa Lucien akasema siasa isiingie kiwanjani.

Kisha Maman Clémence akapata wazo, na wazo hilo, lazima tuseme, lilikuwa la haki.

“Tuhamishe sufuria. Tuiweke kwa Parfait. Kama banafuata sufuria, tutaona. Kama banafuata mutu, tutaona pia. Bintu, unakubali?”

Bintu akafikiri. Kila mtu alimwona akifikiri. Kama mstari ungehama na sufuria, basi miaka yote ile nyuma ya madarasa ilikuwa ya uji tu, na yeye angerudi Kadutu akiwa mutoto wa kwa Séraphine, na kila mtu angekuwa ameshuhudia.

“Nakubali,” akasema. “Lakini Maman Clémence, ushike na kitambaa. Itakuunguza.”

Maman Clémence alikuwa na haraka ya haki. Hakuchukua kitambaa. Alibeba sufuria kwa masikio yake yote mawili, akatembea mpaka kwenye duara la mwanawe, kisha akalia “Yooo, mama weee!” akaiangusha chini. Sufuria haikumwagika, ilikaa sawasawa mbele ya miguu ya Parfait kana kwamba ilipangwa. Lakini kelele zilikuwa zimeshaanza. Maman Clémence alipuliza vidole na kusema Thierry ameongeza makaa kwa makusudi. Thierry akapaza sauti kwamba huu si uchaguzi, ni mtego wa panya. Papa Lucien, ili kuleta utulivu, akapiga kelele “Silence!” kuliko wote wawili, akairudia, na kila aliporudia wale wengine wakaongeza.

Katikati ya mstari Élie alikuwa ameziba masikio kwa mikono yote miwili. Alikuwa akiyumba mbele na nyuma, macho yamefumbwa. Waliokuwa mbele yake wakaanza kusogea ovyo, wa nyuma wakasukumana, nafasi zake mbili zikapotea.

Bintu alimwona. Akaitazama chokaa chini ya miguu yake. Sheria alikuwa ameisikia, na alikuwa amejibu “tumeelewana” pamoja na wengine. Alisimama hapo muda wa mtu kumeza mate mara mbili. Kisha akasema “Ah, bon,” kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeangusha yai, akatoka nje ya duara.

Hakumshika Élie. Alikwenda akasimama mbele yake, akaacha nafasi ya mtu mzima, akasema, “Élie. Banapiga kelele. Tutoke.” Akaanza kutembea polepole kuelekea mlango wa uzio. Élie akafungua macho, akamfuata kwa umbali ule ule. Nyuma ya Élie, baada ya nafasi ya mtu mzima, akafuata Chancelle, kisha wengine wote, mmoja mmoja, bila mtu kuwaita. Murhula aliruka kutoka kwenye duara lake kama mfungwa aliyefunguliwa, akakimbilia mstari.

Alibaki Parfait, na sufuria miguuni pake.

“Parfait!” mama yake akaita. “Bakia mu duara!”

“Maman, mustari inaenda.”

“Acha iende! Ukibakia umeshinda!”

Parfait akatazama kushoto, akatazama kulia. “Nimeshinda nani, maman? Bote banaenda.”

Akatoka, akaenda kusimama mwisho. Na kwa kuwa ni mkimbiaji, alilazimika kujizuia asimpite mtu.

Papa Lucien aliyatazama maduara yake matatu. Kwa sheria aliyoitunga mwenyewe, klabu haikuwa na kandida hata mmoja, na wapiga kura wote walikuwa barabarani. Thierry ndiye aliyeanza kucheka, kwanza puani. Maman Clémence, kidole mdomoni, akamtazama kwa hasira, akashindwa, akacheka naye.

“Sufuria tunayo,” akasema. “Batu njo hatuna.”

Wakatoka kuwafuata. Nje ya uzio kuna ukuta mfupi ambapo mtu akikaa anaona ziwa lote, na zile rasi zenye nyumba za matajiri zikiingia majini kama vidole. Wanamichezo walikuwa wamekaa juu yake kwa mpangilio wao, kimya, wakitazama maji. Bintu alikuwa mwanzoni kabisa mwa ukuta. Alikuwa amewapa watu mgongo, na ncha ya kitenge ilikuwa machoni pake.

Aliposikia viatu vya Papa Lucien aliishusha ncha haraka.

“Mulimaliza kelele?”

“Tumemaliza,” Papa Lucien akasema.

“Kweli?”

“Kweli.”

“Basi muende nyuma.”

Papa Lucien ni mtu anayepewa kiti cha mbele popote anapofika. Alipita ukuta mzima, mtu kwa mtu, mpaka mwisho, akakaa baada ya Parfait. Thierry akamfuata. Maman Clémence akakaa wa mwisho, kwa sababu yeye ndiye aliyepiga kelele zaidi, na hakuna aliyehitaji kumwambia.

Papa Lucien akaona kwamba kutoka pale nyuma hawezi kuhutubia. Akamwinamia Parfait, akamuuliza kwa kunong’ona, “Sasa, tuandike nani?”

“Maman Bintu,” Parfait akanong’ona.

“Uliza na mwenzako.”

Parfait akamuuliza wa mbele yake, akitanguliza jibu lake, na yule akamuuliza wa mbele yake. Swali likapanda ukuta mdomo kwa mdomo mpaka likamfikia Élie, jirani wa Bintu, kisha jibu likaanza kushuka. Kila mtu aliliongeza lake kabla ya kulipitisha, kwa hiyo Papa Lucien, aliyekuwa ameweka sikio, aliyasikia yote kwa zamu. Maman Bintu. Maman Bintu. Maman Bintu, lakini na Murhula muchezaji muzuri. Maman Bintu, na gobele yangu nilisahau ndani. Maman Bintu, na bouillie, hilo lilikuwa la Élie. Hakuna aliyesema Bintu tu. Wanapomfuata Parfait humfuata kweli, na Parfait alikuwa amesema Maman.

Bintu alikuwa ameyasikia. Aligeuka.

“Lakini miye nilitoka mu duara,” akasema. “Nilijiondoa. Tulielewana.”

Papa Lucien alisimama ili kutoa uamuzi, akakumbuka, akakaa tena.

“Bote batatu balijiondoa,” akasema kwa sauti ya chini. “Na sheria haisemi kitu juu ya kandida mwenye kuondoka na kura zote.”

Fomu ikajazwa palepale juu ya ukuta, kwa kalamu ya pili, maana ya kwanza ilianguka kiwanjani wakati wa kelele. Mahali pa kwanza palikuwa na maneno matatu ya kuchagua: Monsieur, Madame, Mademoiselle. Kalamu ya Papa Lucien ilikwenda yenyewe kwenye la tatu, la msichana.

“Papa Président, banaandika nini hapo?” Bintu akauliza.

Akamsomea yote matatu.

“Ile ya katikati.”

“Ya katikati ni ya mwanamke muzima.”

“Njo iyo.”

Papa Lucien akaweka alama kwenye Madame. Mbele zaidi fomu ilitaka mfano mmoja wa uongozi wa mhusika. Thierry alitaka kuandika juu ya miaka ya golini, Parfait alitaka kuandika juu ya bouillie. Papa Lucien akawaza kidogo, kisha akaandika kwa Kifaransa chake cha ofisi kwamba siku ya uchaguzi mhusika aliondoka, na watu wote wakamfuata, pamoja na mpinzani wake. Akalifuta kidogo neno la mwisho, akaliandika vizuri zaidi.

Ilibaki saini ya mwakilishi wa wazazi. Maman Clémence alinyoosha mkono wake wenye vidole vyekundu, akaurudisha, akasaini kwa mkono wa kushoto. Saini ilitoka kama alama ya kuku.

“Nilikuambia ushike na kitambaa,” Bintu akasema.

“Uliniambia, maman,” Maman Clémence akajibu. “Sikusikia.”

Bintu alimtazama kwa muda kuona kama ni dhihaka. Haikuwa. Basi akaenda kumletea maji ya baridi ya kutia mkono, akampa na bouillie iliyobaki, ya chini, nzito. Papa Lucien akaipiga picha fomu kwa simu, akaituma Kinshasa, ambako walisema majibu yatakuja kabla ya Noeli. Parfait alichukua sufuria tupu akamsindikiza Bintu mpaka Kadutu, na njiani kila aliyeuliza Bintu anatoka wapi alijibiwa na Parfait, kwa sauti na kwa urefu, akianza na “Mesdames et messieurs”.

Séraphine alipohadithiwa aliuliza mara mbili kama ni Bintu huyu wake.

“Ni mutoto wetu kweli?”

Bintu alikuwa akiosha sufuria. Hakuitikia, na hakugeuka. Séraphine akaja mlangoni.

“Maman Bintu,” akajaribu.

“Karibu, dada,” Bintu akasema. “Niletee ule muchanga, nisugulie.”

Asubuhi yake, Jumapili, jua lilitoka mapema. Kanisani kwao watoto wana mabenchi yao mbele, karibu na kwaya, na Bintu alikuwa amekaa hapo tangu utotoni kwa sababu hakuna siku mtu alimwambia aondoke. Aliingia na kitenge cha bluu, akawasalimia watoto, akamweka sawa mmoja aliyevaa viatu kinyume, akawapita. Akaenda benchi la mamans, la tatu kutoka mlangoni, akasema “Musogee kidogo.” Wakasogea. Aliimba nyimbo zote, akatoa sadaka, na mahubiri yalipofika katikati akalala usingizi, kichwa begani kwa jirani, kama mamans wengine wa benchi lile.